Ekzosi Mpya ya Heaika

Mume wangu Heaika alianza kufungua injini ya skuta yake ya theluji juu ya meza ya kulia siku ileile tuliyotoka kwenye kikao cha familia, hata buti hajavua. Nilimwekea mchuzi wa nyama ya kulungu na viazi. Akala kwa mkono mmoja, mwingine umeshika spana. Kila nilipotafuta pa kuweka kikombe nilikuta pistoni.

"Heaika, hii ni meza."

"Naiona."

"Watu hula hapa."

"Kwani mimi nafanya nini? Nakula."

Kilichomchoma ni maneno ya dada yake, Bigga. Sisi ni familia tatu tunaochunga pamoja, na kila majira ya kuchipua tunahamisha kulungu wetu wa nchi ya theluji kutoka malisho ya baridi huku bara hadi malisho ya pwani, kabla majike hayajazaa. Anayetangulia hupanda skuta polepole, nyuma yake amefunga kamba, na kwenye kamba kuna maksai, yaani kulungu dume aliyehasiwa, mpole, aliyezoea watu. Kundi humfuata maksai, na maksai humfuata mtu. Baba yake Heaika alitangulia mpaka miguu ikamkataa, kisha akatangulia Heaika. Hakuna mshahara wala cheo. Ila ukiingia dukani kwetu kaskazini, Guovdageaidnu, watu wanakupisha kidogo kwenye foleni ya mkate, na ukisema kesho kutakuwa na upepo, wanafunga madirisha.

Mwaka uliopita skuta yake ilizimika katikati ya mlima. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikalala. Kundi likasubiri kwa adabu, halafu likageuka likarudi lilikotoka, na majike mengine yakazalia njiani kwenye theluji iliyoloa. Basi kikaoni Bigga akatia kipande cha jibini kwenye kahawa yake, kama tunavyoinywa kwetu, akakikoroga, akasema bila kumtazama mtu:

"Safari hii Heaika atangulie kama kawaida. Ikimzimikia tena, kuanzia hapo atangulie Jovnna."

Jovnna ni mtoto wa marehemu mdogo wake Heaika. Alikuwa amenunua skuta mpya, ya kimya, inayonguruma kwa chini kama mtu aliyeshiba. Aliposikia jina lake alitazama soksi zake.  Njia nzima ya kurudi nyumbani Heaika alisikiliza injini tu, na kwa mtu kama Heaika hiyo ni hali ya hatari.

Mimi nilimwambia ukweli mapema: skuta ile ilihitaji plagi mpya, kabureta isafishwe, na feni ya kupoza injini itolewe nywele za kulungu zilizojaa humo. Kuzimika kule kulitokana na kwenda mwendo wa mguu muda mrefu huku injini ikichemka. Akakubali yote. Akatia plagi, akasafisha kabureta, akang'oa rundo la nywele ambalo ningeweza kulifumia glavu. Kama angeishia hapo ningekuwa na meza yangu. Lakini hofu ikishamwingia mtu haishibi plagi.

Sanduku la kwanza likaja na basi la posta. Ndani mlikuwa na vyuma vyepesi vya klachi na springi zake. Sanduku la pili, ringi za pistoni na vile vijani vyembamba vinavyopitisha hewa kwenye injini, vya aina ngumu. La tatu lilikuwa refu, nikadhani amenunua bunduki. Ilikuwa ekzosi. Si ya kampuni iliyotengeneza skuta. Ya mafundi wa Kanada wanaozitengenezea skuta za mashindano. Inang'aa, ina tumbo katikati kama nyoka aliyemeza yai. Heaika aliilaza kochini na kuifunika kwa blanketi.

"Hujawahi kunifunika mimi hivyo," nikamwambia.

"Wewe hushiki kutu."

Kisha zikaja chupa. Moja nyekundu ya kuipa petroli nguvu, moja ya kunyonya maji yanayoganda ndani ya tangi, moja ya kula masizi, na oili ya bei mbaya yenye harufu ya peremende. Alizipanga dirishani palipokuwa na maua yangu. Mama yangu alipokuja kututembelea alizitazama akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani anaumwa.

Hakuweza kukaa. Akikaa, goti lake linacheza. Akilala, vidole vinafunga nati hewani. Akiinuka kuchota maji anarudi na tupa ya kusugulia chuma, maji kasahau. Na kwa sababu alitaka muda na injini, alifanya jambo ambalo hakuna aliyeliona kuwa kubwa: alimpa Jovnna zamu zake zote za mwezi wa tatu. Kwa hiyo mwezi mzima Jovnna ndiye aliyekaa na kundi kule nyikani, akiwamwagia chakula cha magunia kila asubuhi kwa sababu theluji ilikuwa imeganda tabaka juu ya tabaka na kulungu hawawezi kuichimba. Heaika alikuwa kwetu kijijini, na mimi nikimshikia tochi.

Siwezi kujifanya sikufurahia. Tulipofunga ekzosi mara ya kwanza tukawasha skuta, tukaendesha juu ya mto ulioganda mpaka kona ya kwanza, akazima, tukatoa plagi. Zilikuwa nyeupe kama meno ya mtoto.

"Hewa nyingi, petroli kidogo," akasema. "Ningeongeza mwendo kidogo pistoni ingetoboka."

Tukabadilisha jeti za kabureta, zile zinazopimia petroli, tukatia kubwa zaidi. Tukaenda tena. Plagi zikatoka na rangi ya kahawa yenye maziwa, rangi ambayo fundi akiiona hutaka kuionyesha kwa jirani. Basi tukaionyesha kwa jirani.

Jovnna alirudi kijijini Jumamosi moja kuoga na kubeba magunia mengine. Heaika akamkuta mtoni, akazunguka kwa mbali mara mbili, kama mbwa anayetaka kuchezwa naye.

"Twende mpaka darajani, kijana."

"Baba mkubwa, hiyo si ile iliyokufa mlimani?"

"Twende darajani."

Jovnna hakuona hata rangi ya koti lake. Skuta ile ilipiga kelele kali, kavu, kelele ya msumeno unaokata bati, na theluji ikaruka nyuma yake juu kama nyumba. Jovnna alipofika darajani Heaika alikuwa ameshashuka, anajifanya anasubiri tangu juzi.

"Umeipa nini hii?" Jovnna akauliza. "Bangi?"

"Dawa ya petroli."

"Na wewe unakunywa hiyohiyo?"

Heaika akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake tangu kikao kile. Jovnna naye alicheka kwa dhati, kwani kijana yule hana roho ya kinyongo. Nadhani alipata hata ahueni. Usiku ule Heaika alilala na vidole vyake vikatulia.

Siku ya kuhama tulifika kwenye kundi mapema asubuhi, theluji ikiwa bado ngumu kama sakafu. Taarifa ya hali ya hewa ilikuwa imesema mvua itatoka pwani jioni. Mbele yetu kulikuwa na ziwa lililoganda, na ng'ambo ya ziwa ule mlima. Upande wa kushoto, mto unapoingilia ziwani, barafu ilishaanza kugeuka kijivu, yaani kuwa nyembamba. Mvua ikinyesha juu yake, hakuna kuvuka tena. Na majike yalikuwa yamejaa matumbo mpaka yanatembea kwa kuyumba. Kwa hiyo ni leo, kabla ya jua kulegeza theluji.

Heaika alivaa kofia yake nzuri. Akafunga kamba ya maksai kwenye mkokoteni wa kuteleza uliofungwa nyuma ya skuta yake, akamkuna maksai nyuma ya pembe, akapanda, akavuta kamba ya injini.

Kundi zima liliinua vichwa kwa pamoja.

Kwa miaka kumi na minne kulungu wale walikuwa wamezaliwa, wamekua na wamehama kwa sauti moja ya skuta ya Heaika, sauti nzito ya kukokota, bo-bo-bo, kama mzee anayepanda ngazi akinung'unika. Kwao sauti ile ilimaanisha chakula, na ilimaanisha twende. Msumeno wa bati haukuwa kitu wanachokijua. Walianza kuzunguka, kama wanavyofanya wakiona mbwamwitu, majike ndani na madume nje, duara kubwa la pembe na mvuke. Kisha duara likavunjika upande wa nyuma wakaanza kukimbia kurudi msituni. Maksai alikaa kitako. Alikaa kabisa, miguu ya mbele imekanyaga theluji, kamba imekaza shingoni.

Heaika akazima. Jovnna na Bigga wakazunguka kundi kwa mbali na skuta zao, wakalirudisha taratibu, likatulia.

Akawasha tena, kwa upole, akagusa mafuta kidogo tu. Ekzosi za namna ile hazijui upole. Chini zinakoroma, juu zinapiga mayowe, katikati hakuna kitu. Kundi likazunguka tena.

Akazima.

Hapo inafaa mtu aelewe kitu kimoja cha kwetu. Kamba ya maksai haiombwi. Mtu anayetangulia huitoa mwenyewe kwa mkono wake, na mpaka aitoe, hakuna wa kumwambia aitoe, hata dada yake, hata mkewe. Tukafanya linalofanywa. Bigga akawasha moto, akachemsha kahawa. Tukakaa juu ya ngozi, migongo tumempa Heaika, tukaongea habari za bei ya petroli na za binti wa fulani aliyeolewa mjini Tromsø. Jua likazidi kupanda. Jovnna alikuwa anavunja kijiti vipande vidogo, kisha anavunja vile vipande.

"Huyo binti amepata nyumba?" Bigga akauliza.

"Amepata," nikasema. Sikujua hata tunamzungumzia nani.

Nyuma yetu tulisikia Heaika akihangaika. Alijaza glavu kwenye mdomo wa ekzosi, ikazitema. Akaiviringishia ngozi ya kulungu na kuikaza kwa waya ili kuzima kelele, na kwa kweli kelele ilipungua. Lakini ekzosi ilipopata moto ngozi ikaanza kuungua, na harufu ya nywele za kulungu zilizoungua ikaenda na upepo moja kwa moja kwenye pua za jamaa za marehemu. Safari hii maksai hakukaa. Alivuta mpaka kamba ikamtoa Heaika kwenye kiti.

Bigga akatia jibini lingine kwenye kahawa. "Naye mumewe anafanya kazi gani?"

"Nani?"

"Wa binti."

 Nikachukua kikombe nikampelekea mume wangu. Kahawa mke anaruhusiwa kupeleka popote. Alikuwa amechuchumaa kando ya injini, kofia imeenda upande, masizi mpaka masikioni. Goti lake lilikuwa linacheza.

"Nikibadilisha jeti," akasema, "nikirudisha zile ndogo, pengine sauti ya chini..."

"Heaika."

"Au nikitoa vile vyuma vya klachi."

"Kunywa kahawa."

Akashika kikombe bila kunywa. Alitazama kundi. Halikuwa mbali; majike ya mbele yalikuwa yanamtazama yeye.

"Gáren, wananiogopa?"

"Wewe hawakuogopi. Wewe wanakujua. Huyo uliyempanda ndiye hawamjui."

"Ni skuta ileile."

"Sema hivyo kwa lugha yao, tukusikie."

Karibu atabasamu. Halafu akatazama upande wa kushoto wa ziwa, penye barafu ya kijivu, na nikaona anapima. Heaika ana makosa mengi, na mimi ninayo orodha kichwani, lakini hajawahi kukosea kuhusu barafu. Akarudisha kikombe mkononi mwangu, kimejaa vilevile. Akafungua kamba kwenye mkokoteni wake, akatembea na maksai mpaka kwenye moto. Tuliinuka wote bila kuambiwa.

Akamnyooshea Jovnna kamba.

"Mwezi mzima wamekula kwa sauti yako," akasema. "Watakufuata."

"Baba mkubwa, tunaweza kungoja."

"Tungoje nini, mvua?"

"Basi nikuazime skuta yangu. Utangulie na hii yangu."

Nilimwona Heaika akilipima na hilo. Lilikuwa jibu zuri. Skuta ingekuwa ya kijana, nafasi ingebaki ya mzee. Moyo wangu ulisema chukua. Lakini yeye akatikisa kichwa.

"Nikipanda hiyo, nani atapanda yangu nyuma? Wewe? Itakurusha mtini. Shika kamba. Usikimbize, usitazame simu, na ukifika katikati ya ziwa usigeuke nyuma, hata ukisikia nini."

Jovnna akashika.

Wakaenda. Jovnna mbele, skuta yake ikinguruma kwa shibe, maksai akimfuata kama anayeenda dukani. Majike yakamfuata maksai, kisha kundi zima likajinyoosha juu ya ziwa kama kitambaa kinachovutwa kutoka mezani. Bigga alishika ubavu wa kulia. Mimi nilikuwa ubavu wa kushoto, na Heaika alikuwa mahali ambapo mume wangu hajawahi kuwa maisha yake yote: mwisho, na wavivu, wagonjwa na watoto wa mwaka jana.

Nilisubiri waondoke umbali wa kutosha, nikampungia mkono. Akawasha. Msumeno ukalia. Na wale wa mwisho, ambao kila mwaka hutuchosha kwa kusimama na kulamba theluji kana kwamba wana siku nzima, waliruka kama waliomwagiwa maji ya moto na kukimbilia wenzao.

Tulikuwa tumepita nusu ya ziwa watoto wa mwaka jana walipokata kona. Ndivyo walivyo, mmoja anaona kivuli chake, ishirini wanamwamini. Walikata upande wangu, kushoto, kuelekea kwenye barafu ya kijivu. Niliminya mafuta mpaka mwisho na skuta yangu ikafanya inachoweza, yaani si kitu. Nilipiga kelele, wakaongeza mbio. Nilianza kuona maji yanameta mbele yao.

Kitu kilinipita kulia, karibu sana, nikafumba macho kwa vipande vya barafu. Nilipofumbua, Heaika alikuwa ameshawatangulia. Alikuwa amelala ubavu juu ya skuta, goti moja kwenye kiti, akikata mbele yao kwenye ukingo kabisa wa kijivu, na maji yakirushwa na mkanda wa skuta badala ya theluji. Akaufungua msumeno wote usoni mwao. Waligeuka kama mkono mmoja umewageuza. Yeye hakuweza kupunguza mwendo pale. Kupunguza ni kuzama. Akachora nusu duara ndefu, nyuma yake barafu ikishuka na kutoa maji meusi, akatokea kwenye barafu nyeupe, akaendelea kuwasukuma wale watoto mpaka wakajichomeka katikati ya mama zao.

Jovnna, huko mbele, hakugeuka nyuma. Baadaye aliniambia shingo ilimuuma siku mbili.

Mlimani skuta ya Heaika ilipanda kama mbuzi. Pale pale ilipolala mwaka uliopita ilipita ikiwa na nguvu ya kubakiza, na hapakuwa na mtu wa kuiona isipokuwa mimi. Bigga alikuwa anatazama mbele. Alimngoja kileleni, akasema tu, "Haijazimika," naye Heaika akasema, "Haijazimika," wakaachia hapo.

Mvua ilianza tukiwa tumesimamisha hema upande wa pili. Kundi lilikuwa limelala, likicheua. Jovnna akaja na maksai, akamfunga kamba kwenye mkokoteni wa Heaika, akasimama akifuta maji usoni.

"Njiani kesho tutapita kwa kina Issát," akasema. "Wana skuta kama yako, ya zamani. Tunaweza kuazima ekzosi kwao. Ukiirudishia sauti ya zamani, utangulie mpaka pwani."

Heaika alikuwa anatoa plagi. Aliitazama rangi yake, akanionyesha. Kahawa yenye maziwa. Akairudisha, akaikaza, akafuta mikono kwa tambara, akafuta tena mikono iliyokwisha kufutika. Mvua ikapiga hema. Nilisubiri. Mbele yake kulikuwa na kila kitu alichokuwa akikitaka tangu kikaoni.

Aliinuka, akafungua kamba kwenye mkokoteni wake, akaipeleka kwenye wa Jovnna, akafunga fundo mwenyewe, lile fundo la baba yake linalofunguka kwa mvuto mmoja.

"Bondeni kesho pita kulia," akamwambia. "Kushoto kuna maji chini ya theluji. Na ukifika kwenye mawe, simama kidogo, majike wapumue. Mimi nitawangoja wale wa mwisho."

"Sawa, baba mkubwa."

Kijana akaenda kulala. Heaika akaingia hemani akakaa kwenye ngozi kando yangu. Nikammiminia kahawa, na safari hii akainywa.

"Kwa hiyo sasa nimeolewa na mtu wa nyuma," nikasema.

"Umeolewa na mwenye skuta ya kasi kuliko zote kwenye malisho haya."

"Nyuma."

 Akazungusha masalia ya kahawa kwenye kikombe.

"Nyuma," akasema.

Goti lake likaanza kucheza. Akaweka kikombe chini, akachukua ile chupa nyekundu, akatoka mvuani kuipa petroli nguvu.